Mangaza Hakuita

Yulita mwanangu,

Baba yako anadhani nakuandikia orodha ya nguo. Amepita hapa barazani mara mbili kuniuliza kama nimekumbuka kuandika habari ya blanketi, na mara mbili nimemwambia ndiyo. Blanketi liko ndani ya sanduku, utaliona mwenyewe, una macho. Kamyo ya mizigo itapita kesho asubuhi kwenda Kasongo, toka Kasongo mtashika njia ya Kindu, na huko shuleni masista watakuambia ule saa ngapi na ulale saa ngapi. Hayo wanayajua kuliko mimi. Mimi nakuandikia jambo ambalo hawatakufundisha, kwa sababu wachache wanaolijua hawapendi kulisema, na waliobaki hawalijui kabisa.

Juzi ulinichukiza. Bibi yako Feza alikuja kukuaga, akaketi pale kwenye kibao, akakuomba kwamba ukishakuwa muuguzi umtafutie sindano ya kichwa chake. Anasema dawa ya kumeza inaishia tumboni, sindano ndiyo inayofika kichwani. Ukamtazama, ukanitazama mimi, ukacheka. Hukucheka kwa sauti, maana umelelewa. Ulicheka kwa pua. Mzee wa watu akashusha macho, akaanza kuongea habari ya mvua.

Kicheko kile nakijua, mwanangu. Ni changu. Nilikitumia miaka mingi, na nilipokiona usoni mwako nilitamani kukupiga kofi, halafu nikakumbuka kwamba mwenye kustahili kofi ni mimi.

Nilikuwa na umri kama wako, labda umezidi kidogo, masista waliponifundisha kuzalisha. Walinipa bluzi nyeupe na kitambaa cha kichwa, wakanituma kwenye posti moja ndogo yenye hospitali, kati ya Kasongo na Kabambare. Jina lake sitaliandika hapa, watu wake bado wako hai na wana aibu zao. Bluzi ile niliifua mwenyewe, niliipiga pasi ya makaa mpaka ikawa inasimama bila mtu ndani. Nikishaivaa sikuweza tena kumsalimia mama mwenye matope miguuni. Nilimwonyesha kwa kidevu mahali pa kukaa. Mimi huyu, mtoto wa walima mpunga wa Lusangi, ambaye mama yangu alinizaa pembeni ya shamba na kunifunika kwa kanga yake yenye tope.

Munganga wa pale, daktari, alikuwa Mbelgiji mmoja mrefu, mwenye mikono safi sana. Watu walimpa jina la Bwana Kimya, maana hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza katika Kiswahili chetu, na sidhani kama alijifunza mengi zaidi. Akiingia wodini anasema kimya, akitoka anasema kimya. Mgonjwa akianza kumweleza jinsi ugonjwa ulivyomwanza, kwamba ulianza siku ya matanga ya kaka yake, au baada ya kugombana na mke mwenzake, yeye aliinua kidole. Alitaka kuonyeshwa panapouma, basi. Yaliyobaki aliyaita maneno ya porini. Hakuwa mjinga, nisimsingizie. Alijua kushona tumbo la mtu vizuri kuliko fundi anavyoshona shati. Ila alimshona mtu kama shati.

Alikuwa pia na sindano yake ya maji. Wagonjwa ambao hakuona kitu ndani yao, wale wa maumivu yanayotembea, leo begani, kesho kiunoni, aliwawekea alama fulani kwenye karatasi. Longini, muuguzi tuliyefanya naye kazi, alijua maana ya alama hiyo: maji ya kuchemsha na chumvi kidogo. Maji hayo niliyachemsha mimi. Longini anampiga mtu sindano, mtu anakunja uso, anashukuru kwa mikono miwili, na mara nyingi keshokutwa anarudi kusema amepona. Sisi tunajificha nyuma ya kabati la dawa, tunacheka mpaka machozi yanatoka. Washenzi hawa, tunasema. Ndiyo, neno hilo hilo. Tulilitoa kinywani mwa wazungu tukalitafuna kama chakula chetu.

Leo naona wajinga walikuwa nyuma ya kabati. Kila wiki tulionyeshwa waziwazi kwamba mtu akipokewa, akashikwa mkono, akaaminishwa kwamba kuna anayeushughulikia ugonjwa wake, mwili wenyewe unaanza kulegea na kupona. Jambo kubwa namna hiyo, sisi tukalifanya mzaha wa saa ya chakula. Wala hatukujiuliza swali linalofuata, ambalo hata mtoto angeliuliza: kama maji na uso mwema vinaponya, uso mbaya unafanya nini?

Aliyenijibu ni Mangaza.

Alitoka Wamaza kwa mguu, safari ya siku mbili, yeye na mama yake, mama Zaina. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza mtoto alikufia tumboni, ndiyo maana mume wake na wakubwa wa nyumba walikubali safari hii akazalie kwa wazungu. Walifika asubuhi, uchungu umeshamwanza njiani, tena uchungu mzuri, wa kufuatana. Mama Zaina alikuwa anamsugua mgongo huku wakitembea, akimwimbia kitu cha Kibangubangu kwa sauti ya chini. Niliwatazama kutoka mlangoni nikafikiri, hawa nao wametuletea ngoma.

Amri ya Bwana Kimya ilikuwa kwamba ndugu hawaingii. Wanaleta uchafu, wanaleta kelele. Basi nikamshika Mangaza mkono nikamwingiza, nikamfungia mama yake mlango. Uchungu ukakatika pale pale. Mwanamke aliyekuja anahema kwa nguvu sasa amelala kitandani anatazama dari, na tumbo limetulia kama la mtu aliyeshiba. Munganga akaja, akampapasa, akatazama saa yake. Akaniambia, "Huyu iko muvivu. Hapana sikia yeye." Akaenda zake.

Sasa soma nilichofanya, maana hiki hakuna aliyenituma. Mangaza alianza kulia. Alimwita mama yake, na mama yake akamjibu kutoka nje, upande wa dirisha, na wanawake wengine wodini wakaanza kuchekelea. Nikaona aibu. Niliogopa munganga atasikia na kusema huyu msichana hajui kazi. Nikasimama kando ya kitanda chake, nikasema kwa sauti ili wodi nzima isikie, "Nyamaza. Mbuzi inazaa bila makelele, wewe mutu unashindwa. Nikisikia tena sauti yako nakutupa inje, ukazalie mu majani."

Akanyamaza. Na mimi nikajiona hodari. Nilitembea kati ya vitanda nikipiga visigino, kwa kuwa nimemshinda mwanamke mwenye uchungu.

Mchana uchungu ulirudi kidogo kidogo. Alizaa bila kutoa hata mguno, mtoto wa kike, mzima, mwenye nguvu. Nikamwambia, umeona sasa, kama vile mimi ndiye niliyezaa. Nikamfunika blanketi, nikamwosha mtoto, nikaenda kula.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja aliyezaa siku iliyotangulia. Yeye ndiye aliyeona damu ikidondoka kwenye sementi. Akafungua mdomo aniite. Mangaza akamshika mkono, akamwambia, "Hapana ita. Atakasirika."

Yule mama alinieleza baadaye. Alisema Mangaza alijua mapema kwamba analowa. Alibana miguu, akalikusanya blanketi katikati, ili asinichafulie kitanda. Niliporudi midomo yake ilikuwa imekwisha rangi. Tulikimbia, Bwana Kimya naye alikimbia, akafanya kila alichokijua, na alijua mengi. Mangaza alikufa jua likiwa bado juu.

Damu ndiyo iliyomwua. Huko Kindu watakupa jina la ugonjwa huo kwa Kifaransa, utaliandika kwenye daftari, pamoja na tiba yake. Tiba hiyo ilikuwamo katika kabati letu. Ilitosha aite tu.

Bwana Kimya aliandika kwenye kitabu cha wodi kwamba mgonjwa aliletwa amechelewa. Akanituma mimi kwa mama Zaina, kwa kuwa yeye hakuwa na maneno. Nikatoka, nikamtazama mama aliyetembea siku mbili anamsugua binti yake mgongo, nikamwambia, mulichelewa. Nilimwambia kwa sauti ile ile ya bluzi. Hakulia mbele yangu. Alinyoosha mikono apewe mtoto.

Mwezi haukuisha, tumbo langu likaanza. Lilinishika hapa juu, chini ya kifua, likiwaka. Nikila natapika. Asubuhi nikishika bluzi ili niivae, vidole vinakuwa baridi na vifungo vinanishinda. Nilikonda hata baba yako, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ananichumbia, akaulizwa na ndugu zake kama ana hakika. Bwana Kimya alinipapasa, akasema hakuna kitu. Akaandika kwenye karatasi. Longini akanipiga sindano, na wallahi siku tatu nilikula ugali. Siku ya nne nikaikuta ile karatasi juu ya meza, nikaiona alama. Nilikuwa nimetibiwa kwa maji yangu mwenyewe niliyoyachemsha asubuhi. Longini, nilipomwonyesha, alicheka. Hakucheka vibaya, alicheka kama tulivyozoea kucheka pamoja. Nilisimama pale na karatasi mkononi, nikajua sasa nami ni wa mbele ya kabati. Maumivu yakarudi siku hiyo hiyo.

Nilikwenda hadi kwa mfumu mmoja, mpiga ramli wa upande wa kwetu, kwa siri, mimi mwana wa masista. Usidhani nitakuambia kwamba yeye alijua. Aliniuliza, hilo nampa: aliniuliza ugonjwa ulianza lini na nani alikufa. Munganga hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikamdanganya, nikasema hakuna aliyekufa. Akaridhika upesi mno. Akafumba macho, akaniambia kuna mwanamke wa kazini ananionea wivu wa bluzi. Kumbe naye alikuwa na jibu lake mfukoni kabla sijaketi. Alinitafutia adui, kwa kuwa adui hupendeza kusikia, na mimi mpumbavu nikarudi nikimtazama kwa jicho baya mama mfagiaji kwa wiki mbili nzima.

Mwisho nilikwenda Wamaza. Nisijipambe, sikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu tumbo liliniuma na sikuwa na mahali pengine pa kulipeleka.

Nilimkuta mama Zaina anatwanga, mtoto amefungwa mgongoni. Alinitambua kabla sijasema jina. Nikamwambia palepale kwenye kinu kwamba hawakuchelewa, kwamba walifika mapema, kwamba Mangaza alitokwa na damu akaogopa kuniita kwa ajili ya maneno niliyomwambia. Aliendelea kutwanga mpaka nilipomaliza. Halafu akasema, "Nilikuwa pale ku dirisha. Nilisikia yote. Kile sikujua ni mudomo ilikuwa ya nani."

Nikasema ilikuwa yangu.

Akaweka mchi chini. Kilichofuata sikukitazamia. Nilidhani atalia au atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, hata nilikuwa nayatamani kidogo, ili niondoke nikiwa nimelipwa. Yeye aliniambia kwamba tangu siku ile mume wa Mangaza na ndugu zake wanasema yeye ndiye aliyechelewesha. Kwamba alitembea kama mzee, kwamba alipumzika mno njiani, kwamba angemwachia mtu mwingine safari. Hata mtoto walitaka kumnyang'anya. Alikuwa ameanza mwenyewe kuzihesabu zile mara walizopumzika. Neno langu moja, Yulita, mulichelewa, nililolisema ili nirudi upesi ndani, lilikuwa limekaa katika nyumba yake muda wote huo likimla.

Akasema, "Utawaambia wao. Sio mie."

Wakaitwa. Nilisimama katikati ya uwanja wa nyumba, nikasema mara ya pili, mbele ya mume, mbele ya baba mkwe, mbele ya mawifi. Mume aliinuka kabla sijamaliza, akaingia shambani. Wifi mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Baba mkwe aliniuliza jambo moja tu, kama munganga anajua kwamba nimekuja. Nikasema hajui, hakuna aliyenituma. Akatikisa kichwa, akamgeukia mama Zaina, akamwita kwa jina la heshima ambalo nadhani hakuwa amemwita nalo siku nyingi. Mama Zaina hakunipa maji ya kunywa. Mgeni anayetoka mbali namna ile hata mkorofi hupewa maji. Mimi sikupewa, na nilirudi na kiu yangu, na ilikuwa sawa.

Tumbo? Usinifanyie muujiza hapo. Njiani nilikula muhogo wa kuchoma nikaumaliza, ukakaa. Nilianza kunenepa. Lakini mpaka leo, nikisikia mwanamke anazaa kimya, linanishika.

Niliporudi kazini nilianza kuwaingiza akina mama kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea maji machafu. Niliwaosha miguu, nikawavalisha shuka safi, nikawaketisha kichwani pa binti zao. Wanawake walizaa upesi zaidi, na hawakuhitaji kufokewa kama zamani, na walinieleza mambo. Bwana Kimya aliligundua jambo hilo siku moja alipokuta bibi kizee chini ya dirisha lake anakula karanga. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza tangu lini. Akanivua bluzi mbele ya wodi, akanipeleka kwenye kufua mashuka, na huko ndiko nilikobaki mpaka nilipoolewa. Wewe umeambiwa siku zote kwamba niliacha kazi ya kuzalisha kule materniti kwa sababu ya ndoa. Baba yako alipenda tuseme hivyo.

Nikiwa dobi, homa ikamshika Bwana Kimya, ile inayogeuza mkojo kuwa mweusi. Aliijua vizuri, alishawazika wenzake wawili wa homa hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imekata njia ya Kasongo, Longini yuko safarini vijijini, hakuna aliyebaki mwenye mafundisho ila mimi. Nikaitwa mchana, mikono ina sabuni.

Nilimkuta anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Na alikuwa anaongea. Yule mtu wa kidole aliongea mchana kutwa bila kupumzika, Kifaransa na Kiswahili vikichanganyika: jinsi homa ilivyoanza, siku gani, barua gani alikuwa amepokea kutoka kwao, jinsi mama yake alivyokuwa akimwekea mkono kifuani alipokuwa mdogo. Nilipoinuka kuchukua maji akanikamata kifundo cha mkono. Akasema, "Veronika, hapana toka." Miaka yote hiyo sikujua kama anajua jina langu.

Nikakaa. Sikukaa kwa huruma, sitakudanganya siku yako ya mwisho nyumbani. Nilikaa kwa dharau. Nilimtazama nikafikiri, kumbe na wewe. Nikamwekea mkono kifuani hivyo hivyo, bila mapenzi yoyote, kama mtu anayeshikilia shuka lisipeperuke. Kutetemeka kukapungua. Akanywa. Akalala. Mwili wake haukuuliza nawaza nini. Ulitaka mtu awe pale, na mtu alikuwapo.

Alipona. Siku ya tatu ya kurudi kazini alimkuta mama mmoja ameketi kwenye kizingiti cha materniti, anamwita binti yake aliyeko ndani. Nilikuwa naanika mashuka, nikaacha kuanika, nikangoja nione. Bwana Kimya alisimama. Alimtazama yule mama muda mrefu kuliko kawaida, hata nikaanza kutumaini. Kisha akainua kidole.

Huyo alijua, Yulita. Alikwisha kujua kwa mifupa yake mwenyewe, na hakufanya kitu. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba kwa kuwa umesoma barua hii umeshakuwa tofauti naye. Mimi nimejua miaka mingi, na juzi Bibi Feza aliposhusha macho sikusema neno, nilikuacha umalize kicheko chako kwa sababu mgeni mwingine alikuwapo na sikutaka uaibike.

Watakupa bluzi nyeupe wiki ya kwanza. Itakupendeza, una mabega ya baba yako. Na dharau itakuja pamoja nayo, haina haja ya kualikwa. Ikija, na ukaona ni lazima umdharau mtu, nidharau mimi. Sababu nimekuandikia, zote, kwa mkono wangu. Zimalize kwangu, mwanangu, usibakize hata moja ya kuingia nayo wodini.

Mimi niliyekuzaa kwa kelele nyingi,

Mama yako Veronika